Mtundu na nondo mdogo wa nta: nani hasa anayehamisha nyuki Tabora?

Mfugaji wa Sikonge au Kaliua akifungua mzinga katikati ya masika akakuta masega yamefungwa utando mweupe, viwavi wanajinyonganyonga ndani yake na nyuki hata mmoja hayupo, hukumu hutoka hapo hapo: nondo wamefukuza nyuki. Inaeleweka, maana mtuhumiwa amekutwa ndani ya nyumba. Lakini mara nyingi si kweli, na ukikosea chanzo utakosea na tiba. Mtu atatafuta sumu ya kumuua nondo, wakati jambo lenyewe lilianza wiki nyingi kabla, juu ya matawi, pale maua yalipokwisha.

Ili kulielewa hilo inabidi kuwaangalia kwa pamoja viumbe wawili wasiofanana kwa lolote: mtundu, mti uliojaa katika miombo ya Tabora, na nondo mdogo wa nta, mdudu mwenye urefu wa sentimita moja hivi. Nondo huyu hali jani la mtundu, hagusi ua lake wala hatoboi gome lake. Wale viwavi wakubwa wanaokula majani ya miombo, wakiwemo wale ambao watu huwakusanya kwa kitoweo, ni wa jamii nyingine kabisa ya nondo. Mtundu na nondo wa nta hukutana ndani ya mzinga tu. Mti unaleta chakula, na nondo anasubiri siku ambayo chakula hicho kitapungua na walinzi wake kupungua nacho.

Mti unaochanua kabla ya mvua

Mtundu, kwa jina la kitaalamu *Brachystegia spiciformis*, ni mti wa jamii ya mikunde. Mkazi wa Tabora anautambua kwa rangi. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, jua likiwa kali na mvua bado hazijafika, mti hutoa majani mapya mekundu, rangi ya shaba, ambayo baadaye hugeuka kijani. Maji ya kutolea majani hayo hayajatoka mawinguni: mti unatumia akiba iliyomo ndani ya shina na maji ambayo mizizi yake mirefu inayavuta kutoka chini sana. Pamoja na majani hayo, au punde baada yake, huja maua. Ni madogo, meupe yenye ukijani, hayana petali za kuvutia jicho. Kinachoonekana ni nyuzi za chavua zilizosongamana kwenye vishada vifupi. Mtu anaweza kupita chini ya mti asiyaone kabisa. Atakachokipata ni harufu tamu na mvumo wa nyuki uliojaa matawini tangu asubuhi.

Mtundu hauko peke yake. Mninga huchanua maua yake ya njano karibu na majira hayo hayo, na baadaye, mvua zikiwa zimeshakolea na kuendelea hadi zinapoelekea kwisha, hufuata muva (*Julbernardia globiflora*). Ndiyo maana nchi ya miombo ina misimu miwili ya asali: mmoja unaojengwa na miti inayochanua kabla ya mvua, na mwingine unaojengwa na ile inayochanua mvua zikielekea ukingoni. Miezi yenyewe husogea mbele au nyuma kufuatana na mwaka, lakini mpangilio ndio huo.

Kinachosahaulika ni vipindi vya njaa katikati ya misimu hiyo. Cha kwanza ni Desemba na Januari. Maua ya mtundu yamekwisha, muva haujakolea, na mvua zenyewe huwazuia nyuki kuruka siku nzima na kuosha mbochi, yaani maji matamu ya maua, iliyomo katika maua machache yaliyopo. Cha pili ni Julai hadi mwanzo wa Agosti: muva umemaliza, miti imepukutisha majani, na mtundu bado umelala. Katika vipindi hivyo kundi la nyuki linaishi kwa akiba yake. Kama mrina, yaani mvunaji wa asali, ameichukua yote, halina cha kuishi nacho.

Nondo asiyekula, na kiwavi asiyeshiba

Nondo mdogo wa nta (*Achroia grisella*) ana mwili mwembamba wa kijivu unaong'aa kama fedha, na kichwa cha njano. Hiyo njano ndiyo alama ya kumtofautisha na nondo mkubwa wa nta (*Galleria mellonella*), ambaye ana urefu wa milimita 15 hadi 20, rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, na hana kichwa cha njano. Wote wawili hupatikana kwenye mizinga. Mkubwa anapokuwa amejaa, mdogo husukumwa pembeni na kuishi zaidi kwenye takataka za sakafu ya mzinga. Kwa hiyo mfugaji asiyefagia sakafu ya mzinga humfuga nondo mdogo bila kujua.

Nondo mzima hali chochote. Hana kinywa cha kufanyia kazi hiyo. Nguvu zake zote zimetokana na alichokula akiwa kiwavi, na siku zake chache za utu uzima, wiki moja hadi mbili hivi, ni za kujamiiana na kutaga. Dume hutulia karibu na mzinga usiku, akipepea mabawa na kutoa mlio mkali ambao sikio la mtu haliwezi kuusikia. Jike huufuata mlio huo. Akishapandwa, jike hutaga mayai 250 hadi 300, akiyasukumia kwenye nyufa ambamo mdomo wa nyuki haufiki. Nyufa, tafadhali, zishikwe akilini, tutazirudia.

Ulaji wote ni wa kiwavi, na hapa kuna jambo ambalo wafugaji wengi hawajaambiwa waziwazi. Ingawa anaitwa nondo wa nta, kiwavi hawezi kukua vizuri kwa nta tupu. Nta ni mafuta, haina protini. Anachokitafuta ni masega meusi, yale yaliyokwisha kulelewa majana, yaani watoto wa nyuki, mara nyingi. Kila mwananyuki anayekua ndani ya kichumba huacha humo gamba na kifuko chake chembamba cha hariri, na pamoja na mabaki ya chavua hivyo ndivyo chakula chenyewe. Sega jeupe jipya lililojaa asali humvutia kidogo sana. Kipande cha nta iliyoyeyushwa na kusafishwa hakimfai kabisa.

Kasi ya kukua kwake inategemea joto. Kwenye nyuzi 29 hadi 32 za Sentigredi, kiwavi humaliza kukua kwa wiki sita au saba hivi. Kwenye ubaridi anaweza kuvuta hadi miezi mitano. Nyuki wenyewe huweka kiota cha majana kwenye nyuzi 34 au 35, na mchana wa Septemba na Oktoba mjini Tabora hufikia nyuzi 30 na ushei kivulini. Yaani majira yale yale ambayo mtundu unachanua ndiyo joto linalomkuza nondo haraka. Lakini wakati huo masega yaliyovamiwa hayaonekani, na sababu yake ni hesabu ya nyuki.

Hesabu ya wiki sita

Kundi lenye nguvu humshinda nondo bila msaada wa mtu. Nyuki walinzi humkamata mlangoni, nyuki wa ndani huwang'oa viwavi wadogo na kuwatupa nje, na nyufa huzibwa kwa gundi ya nyuki. Sharti ni moja: kila sega liwe limefunikwa na nyuki pande zote mbili. Sega lisilo na nyuki juu yake halina mlinzi.

Sasa fuatilia kinachotokea mtundu unapoacha kuchanua. Mbochi inakatika. Nyuki wa Afrika ni wepesi kuitikia: malkia hupunguza kutaga karibu mara moja. Kutoka yai hadi nyuki kibarua kamili ni siku 19 hadi 21, kwa hiyo kwa wiki tatu za kwanza vibarua wapya wanaendelea kutoka na mfugaji haoni tofauti yoyote. Lakini vibarua waliofanya kazi ngumu ya msimu wa maua huishi wiki nne hadi sita tu. Wanakufa, na nyuma yao hakuna wa kutosha kuziba pengo. Wiki ya sita au ya saba baada ya maua kwisha, kundi lililokuwa linafunika masega kumi na mbili linafunika sita. Masega sita ya pembeni, meusi, yaliyojaa magamba, yamebaki wazi.

Na ni muda gani unamtosha nondo kutoka yai hadi kiwavi aliyekomaa? Wiki zile zile. Mayai yaliyotagwa kwenye nyufa maua yalipokuwa yanaisha huwa viwavi wakubwa hasa nyuki wanapokuwa wachache kuliko wakati mwingine wowote. Mti na mdudu hawajui lolote kuhusu mwenzake, lakini kalenda zao zinakutana kwenye shingo ya mfugaji.

Baada ya hapo mambo huenda kwa njia mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida, nyuki huhama kwa njaa. Nyuki wetu hawana mazoea ya kuvumilia mahali palipokauka. Hula akiba ya mwisho, hungoja majana yaliyobaki yatoke, kisha huondoka wote kufuata maua mahali pengine. Nondo huingia katika nyumba tupu, na ndani ya wiki chache utando umejaa. Anayefungua mzinga mwezi mmoja baadaye humkuta nondo na kumlaumu kwa kuhama ambako hakukusababisha. Ya pili, iliyo nadra zaidi, kundi dhaifu linabaki, viwavi wanasambaa hadi kwenye kiota cha majana, na hapo kweli uvamizi wenyewe huwa sababu ya nyuki kukata tamaa na kuondoka.

Namna ya kujua ni ipi imetokea: angalia vichumba vya asali na vya majana. Kama hakuna tone la asali wala mwananyuki aliyekufa, na vichumba vimesafishwa vikavu, nyuki walihama kwa mpango, njaa ndiyo iliyowaondoa. Kama kuna majana yaliyokufa na asali imebaki chini ya utando, kundi lilizidiwa likiwa bado ndani, au lilipoteza malkia. Uchunguzi huu ufanyike mapema. Viwavi wakishamaliza kazi, ushahidi wote unakuwa vumbi.

Gome la mtundu na nyumba ya nondo

Kuna mahali pengine ambapo mti na nondo wameunganishwa, na hapo mkono wa mtu ndio uliowaunganisha. Mzinga wa gome, ambao Tabora umetumika kwa vizazi, hutengenezwa kwa kuchubua gome la mti mzima kuzunguka shina lote. Mtundu, muva na miti mingine ya miombo hutumika sana kwa kazi hiyo. Mti ukichubuliwa mviringo mzima, njia ya chakula kutoka majani kwenda kwenye mizizi imekatika, hauponi. Mzinga mmoja umegharimu mti mmoja wa maua.

Mbali na hasara ya mti, gome likikauka hupindika na kupasuka. Ndani yake kuna mikunjo na nyuzi zisizohesabika, na mshono wake umefungwa kwa kambaa au vijiti. Kila mwanya ni pa kutagia mayai. Tena mzinga huo haufunguliwi ila kwa nyuma, kwa hiyo mrina huvuta masega ya asali yaliyo karibu naye na kuyaacha ya mbele yaliyo meusi, mwaka baada ya mwaka. Mzinga wa gogo, ingawa ni imara na hudumu miaka mingi zaidi, una tatizo hilo hilo la masega ya zamani yasiyofikika. Kwa maoni yetu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kupendelea mzinga wa viunzi, yaani vipande vya mbao vinavyopangwa juu ya mzinga ili nyuki wajenge sega chini ya kila kimoja, kuliko hata hoja ya wingi wa asali inayotajwa kila siku: unaweza kulitoa sega lolote unalolitaka.

Mzinga wa viunzi nao ukichongwa vibaya ni nyumba ya nondo vile vile. Kiunzi kiwe na upana wa milimita 32 kamili, kiwe kimenyooka, na vikipangwa visiachiane hata unene wa ukucha. Fundi anayekata viunzi kwa kukadiria, kimoja 30 kingine 35, huwafanya nyuki wajenge masega yaliyopinda yanayounganisha viunzi viwili. Hapo kutoa sega moja ni kuvunja mengine, na mfugaji huacha kukagua. Mbao mbichi ni kosa jingine. Zikikauka hujikunja na kuacha mianya kwenye kona. Mninga au mbao nyingine iliyokaushwa vizuri, kona zikiwa zimebanwa kwa misumari na gundi, mapengo yakizibwa kwa nta ya moto kabla mzinga haujatundikwa, humnyima nondo nafasi.

Kumtambua kabla hajaonekana

Toa sega jeusi la pembeni, likung'ute nyuki taratibu, kisha lielekeze kwenye jua. Ukiona mstari mwembamba uliopita chini ya vifuniko vya vichumba, wenye chembe nyeusi ndogo ndani yake, hiyo ni njia ya kiwavi, na chembe ni kinyesi chake kilichonaswa kwenye hariri. Gonga kiunzi kwa kisu mara mbili tatu. Kiwavi atasogea na utaona hariri ikitikisika. Kiwavi wa nondo mdogo ni mweupe, mwembamba, kichwa cha kahawia, hafiki milimita 20 kwa urefu, na hupenda kukaa peke yake katika njia yake. Wa nondo mkubwa hufikia milimita 28, huishi kwa mikusanyiko, na anapotaka kugeuka bundo, hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo mzima, huchimba ubao na kuacha vihori vyenye umbo la mtumbwi. Mzinga wenye vihori hivyo upigwe randa ndani kabla ya kutumika tena.

Dalili nyingine huonekana kwenye majana: mstari wa vichumba visivyo na vifuniko, na ndani yake vichwa vyeupe vya nyuki wachanga vikionekana wazi. Kiwavi amepita chini ya vifuniko, nyuki wakavifungua kumtafuta. Wengi hudhani ni ugonjwa. Kama vichumba hivyo vimefuatana katika mstari ulionyooka, ni nondo.

Usimchanganye nondo na mdudu mdogo anayeitwa mbawakavu wa mizinga (*Aethina tumida*), asili yake huku huku Afrika kusini mwa Sahara. Mabuu ya mbawakavu hayafumi hariri. Yanafanya asali ichachuke, itiririke, na kutoa harufu ya chungwa lililooza. Yana miguu mitatu tu kila upande karibu na kichwa, nayo hushuka ardhini kugeuka bundo. Kiwavi wa nondo ana miguu ya mbele na vijiguu vya ziada tumboni, na hubaki ndani ya mzinga hadi mwisho. Tofauti hii ina maana kwa kazi: mbawakavu unapambana naye pia kwenye udongo ulio chini ya mzinga, nondo unapambana naye kwenye masega na nyufa.

Kazi inayofanyika, na wakati wake

Ukaguzi wa kwanza uwe mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, kabla mtundu haujaanza kutoa majani mekundu. Ufanyike jioni jua likipoa. Puliza moshi kidogo, toa kiunzi kimoja kimoja kuanzia upande usio na mlango. Sega lolote ambalo nyuki hawalifuniki litolewe. Sega jeusi kiasi kwamba mwanga wa jua haupenyi, hata kama halina kiwavi, litolewe lisipokuwa na majana. Usiogope kupunguza. Kundi dogo katika nafasi ndogo linajilinda. Kundi lile lile katika mzinga mkubwa wenye masega ya ziada halijiwezi. Ukitoa masega, weka ubao wa kugawa mzinga ili nyuki wabaki upande wa mlangoni. Kisha kwangua sakafu, kona na sehemu ya chini ya viunzi, kusanya takataka zote kwenye ndoo yenye mfuniko na kuzichoma. Kuzimwaga chini ya mzinga ni kuwahamisha viwavi hatua mbili tu.

Ukaguzi wa pili uwe wiki tatu au nne baada ya maua ya mtundu kwisha, siyo miezi miwili. Huu ndio unaorukwa sana, kwa sababu mrina ameshachukua asali na akili yake iko shambani, mvua zimeanza. Kwa kuirudia hesabu ya hapo juu, wakati huo idadi ya nyuki ndiyo kwanza inaanza kushuka na viwavi bado ni wadogo. Saa moja ya kazi wakati huo inaokoa kundi.

Wakati wa kurina, acha masega matatu au manne yenye asali karibu na kiota cha majana, na usiguse majana. Wapo wanaoona hiyo ni asali iliyopotea. Lakini nyuki hutumia kilo sita hadi nane za asali kutengeneza kilo moja ya nta, na kundi jipya linaloanza kwenye mzinga mtupu litazilipa kilo hizo kwanza kabla halijakuwekea akiba yoyote. Masega matatu ya asali ni bei ndogo kwa kundi linaloingia msimu wa muva likiwa na nguvu.

Masega yaliyotolewa yasilale. Hapa ndipo nondo hushinda vita bila jasho: ndoo ya machicha ya masega imewekwa pembeni ya ghala ikisubiri siku ya kuyeyusha, na siku hiyo inapofika ndani ni utando mtupu. Yeyusha nta ndani ya siku chache baada ya kurina. Kamua asali, osha mabaki kwa maji baridi, yatie kwenye gunia safi la katani na ulifunge. Lizamishe kwenye sufuria ya alumini au chuma kisichoshika kutu, maji yakifika nusu; sufuria yenye kutu hubadilisha rangi ya nta. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chokaa, kwani chokaa huchanganyika na nta na kuifanya kama sabuni. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo moto uwe wa wastani, maji yasichemke kwa nguvu. Bana gunia kwa mti hadi lisitoe tena rangi ya njano. Ondoa gunia, funika sufuria, acha ipoe usiku kucha bila kutikiswa. Asubuhi nta itakuwa imeganda juu. Igeuze na kukwangua uchafu ulioganda chini yake. Kamwe nta isiwekwe kwenye sufuria kavu juu ya moto: hushika moto, na moto wake hauzimwi kwa maji. Machicha yaliyobaki yafukiwe mbali na manzuki, yaani mahali ilipotundikwa mizinga. Kwa wastani masega yenye kilo kumi hadi kumi na tano za asali hutoa kilo moja ya nta, na nta ya Tabora imekuwa bidhaa ya kuuzwa nje tangu enzi za utawala wa Wajerumani. Haistahili kuishia tumboni mwa kiwavi.

Mwenye umeme na friza anaweza kuhifadhi masega mazuri. Nyuzi 15 chini ya sifuri kwa saa mbili huua mayai, viwavi na mabundo. Nyuzi 7 chini ya sifuri zinahitaji saa nne na nusu. Hesabu hiyo huanza sega lenyewe likishapoa hadi ndani, siyo mlango wa friza unapofungwa, kwa hiyo siku nzima ndiyo salama. Yaache yakauke unyevu kisha yafungwe kwenye mifuko minene ya nailoni isiyo na tundu. Asiye na friza ayatundike mahali penye mwanga na upepo, yakiachana sentimita mbili hadi tatu, maana nondo hupenda giza na hewa iliyotulia. Hilo linapunguza uvamizi, haliuondoi.

Vidonge vya kuzuia nondo wa nguo visiwekwe kamwe kwenye masega. Nta hunyonya kemikali hiyo na kuihamishia kwenye asali, na mnunuzi anayepima mabaki ya kemikali atakataa mzigo wote. Sumu ya unga ya kuulia wadudu ni mbaya zaidi: nyuki naye ni mdudu.

Kuhusu mizinga mitupu inayosubiri kundi: usiache humo sega la zamani kwa nia ya kuvutia nyuki. Paka nta safi iliyoyeyushwa, mstari mwembamba katikati ya kila kiunzi na kidogo mlangoni. Nyuki watavutwa na harufu, na nondo hatapata protini ya kukuzia wanawe.

Na mti wenyewe

Yote hayo yanapunguza madhara ya njaa. Kinachopunguza njaa yenyewe ni miti. Nyuki huchuma hasa ndani ya kilomita mbili au tatu kutoka mzingani, hivyo miti iliyokatwa kwa kuni za kukaushia tumbaku au kwa mkaa ndani ya eneo hilo ni miezi ya chakula iliyoondolewa kwenye kalenda.

Kupanda mtundu kwa mbegu ni kazi ya subira. Maganda yake hupasuka kwa nguvu wakati wa kiangazi na kurusha mbegu, na mche hutumia miaka yake ya kwanza kujenga mzizi chini huku juu ukionekana haukui, mara nyingine ukikauka kila kiangazi na kuchipua tena. Mizizi yake pia inahitaji kuvu wa udongoni, jamaa wa uyoga unaochumwa chini ya miombo wakati wa mvua. Mche wa kwenye kifuko usiotiwa udongo kutoka chini ya mtundu mkubwa hudumaa. Njia rahisi ni kutunza visiki. Mtundu uliokatwa huchipua kutoka kisikini na mizizini. Chagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, ondoa mengine, na uyalinde na moto.

Moto ndio unaoharibu kuliko shoka. Moto wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi, hupita chinichini na kuacha matawi mazima. Moto wa Agosti na Septemba huwaka mrefu na mkali, na hukuta mtundu ukiwa na majani machanga na vitumba vya maua. Vitumba vikiungua, msimu wa kabla ya mvua umekwisha kwa eneo hilo, na nyuki wanaingia Desemba bila kitu. Fyeka njia ya moto kuzunguka manzuki mwezi Mei, uondoe nyasi hadi udongo uonekane, na kama kuna ruhusa ya serikali ya kijiji au ya wasimamizi wa msitu, choma nyasi za nje ya njia hiyo mapema, jioni, upepo ukiwa umetulia na watu wa kutosha wakiwa na matawi mabichi mkononi.